Masaa Kumi na Nne Kutoka Toronto

Siku ile ya Ijumaa, nyumbani kwetu Ntalikwa, tulikuwapo hawa. Mimi, mke wa marehemu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu tumbo moja, ambaye baada ya kaka yake kulala ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Binti yangu wa pili, aliyeolewa Igunga kwenye mpunga. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa huyo binti, mwenye kibanda cha simu pale Kanyenye. Katekista wetu. Na bibi mmoja wa Kizaramo, jirani yetu na mtani wetu, mjane wa mtu wa reli. Hao ndio wenye neno katika habari hii. Wengine walikuwa wengi, na majina yao ninayo yote kichwani, hata ya watoto waliofungwa mgongoni, hata nani alileta mchele na nani alikuja kula tu. Lakini sitaandika jina la mtu. Aibu hii ni yangu, na jina la mtu likishaandikwa ndani ya aibu ya mwenzake halifutiki.

Asiyekuwapo ni mmoja, mwanangu wa kwanza, binti. Yuko Toronto, huko Kanada, anahudumia wazee wa watu. Nitaeleza kwa nini hakuwapo siku ya kumzika baba yake. Aliyemfanya asiwepo ni mimi.

Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma najua, kuandika najua pole pole, hesabu najua za sokoni. Ramani sijui. Mwanangu alipokwenda huko, watu walikuwa wananiuliza, mama, huko ni mbali kiasi gani? Nikawa sina jibu, nasema ni mbali tu. Jibu hilo lilikuwa linaniuma. Mwenzangu mmoja wa jumuiya ana mwanawe Mpanda, akiulizwa anataja basi, anataja saa ya kuondoka na saa ya kufika, watu wanatikisa kichwa. Mimi nasema ni mbali tu, kama mtu ambaye mwanawe amezama kisimani.

Siku moja nikiwa Kanyenye kibandani kwa mjukuu wangu nikamwambia, hebu niulizie kwenye hiyo simu yako, toka uwanja wetu wa ndege hapa Tabora mpaka uwanja wa mama yako mkubwa ni mwendo gani. Akaandika, akanisomea. Kilomita elfu kumi na mbili na mia moja na kitu. Mwendo wa ndege, masaa kumi na nne na nusu.

"Kumi na nne tu?"

"Ndivyo wanavyosema, bibi. Ila hapa wamevuta mstari tu, kama umetandaza uzi juu ya ramani. Ndege ya kutoka hapa mpaka kule moja kwa moja haipo."

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia. Nataka mjue hivyo. Watu wengine wamenitetea wakisema, bibi wa watu hakuelewa, hajasoma. Nilielewa. Nilisikia mstari, nilisikia uzi, nikayaacha palepale kibandani, nikaondoka na masaa kumi na nne. Ile nusu pia niliiacha.

Kwa nini niliyapenda? Kwa sababu basi la kutoka hapa mpaka Dar es Salaam linakwenda hivyo hivyo, masaa kumi na nne, likichelewa kumi na tano. Dar nimefika mara mbili. Kwa hiyo toka siku hiyo mwanangu akawa yuko Dar. Nikaanza kusema kila mahali, kanisani, kliniki ya presha, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. "Wangu yuko masaa kumi na nne tu. Mtu akipanda asubuhi, usiku yuko kwake." Yule mwenzangu wa Mpanda nilimwambia mbele ya watu kwamba wangu wa Kanada yuko karibu kuliko wake, ni yeye tu mwanawe hampendi. Watu wakacheka. Mume wangu, alipokuwa hai, aliniambia siku moja tukila, "Wewe mama, huyo mtoto ukimleta karibu hivyo kwa mdomo, siku akichelewa utamfanya nini?" Nikamwambia ale, ugali unapoa.

Mume wangu alifariki Jumatano alfajiri, hospitali, kwa kifua. Siku hiyo hiyo mchana mwanangu akapiga simu. Analia, mimi nalia, tukaacha kulia. Akasema:

"Mama, naomba mnisubiri mpaka Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii inayokuja."

"Leo Jumatano."

"Najua, mama. Nafasi ya ndege nimeipata ya Ijumaa jioni. Kabla ya hapo hakuna, nimetafuta kote. Halafu nikitoka hapa ..."

"Kwani kutoka huko ni masaa mangapi?"

"Mama, siyo habari ya masaa."

"Ni kumi na nne. Nimeyaona mwenyewe."

"Umeyaona wapi?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Baba yako yuko kwenye jokofu, wewe unaniambia Jumatatu."

"Mama, naomba. Nimfunike uso mwenyewe."

Hapo lazima nieleze kitu. Katika ukoo wa mume wangu mtoto wa kwanza, awe wa kike awe wa kiume, ndiye anayemfunika mzazi wake uso kabla sanduku halijafungwa, na ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Mwingine akifanya si dhambi, lakini watu watauliza, na huyo mtoto ataulizwa maisha yake yote. Mwanangu alikuwa haombi kuona mazishi. Alikuwa anaomba kazi yake.

Jioni shemeji akakaa na wazee, wakaniita. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Akauliza, "Shemeji, mtoto wa kwanza tunamsubiri au hatumsubiri? Sisi tunaweza kusubiri. Hospitali wamesema hakuna shida mpaka hata wiki."

Watu wote walikuwa wananitazama, na wote walikuwa wameshayasikia masaa yangu kumi na nne. Yule wa Mpanda alikuwapo, na mwanawe alikuwa ameshapanda basi. Nikaona nikisema tumsubiri siku tano, wataniuliza siku tano za nini, si ulisema ni kama Dar? Ingebidi nikubali kwamba nilikuwa najivunia kitu nisichokijua. Au nikubali kwamba mwanangu anachelewa kwa kupenda. Nikachagua la pili. Nilichagua haraka, sikukaa nalo hata kidogo.

Nikasema, "Huyo amekataa. Ni mwendo wa siku moja. Amesema yeye mpaka Jumatatu. Tuzike Ijumaa."

Shemeji akaniangalia sana. "Amekataa au ameshindwa?"

"Amekataa."

Binti yangu wa pili akasema, "Mayo, mama yangu, dada hawezi kukataa." Nikamwambia anyamaze, yeye aangalie chai ya watu. Akainuka. Kisha nikamfuata huko jikoni nikamwambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuuficha uso. Nilimwambia, "Usimwambie kwamba tunazika Ijumaa. Akija ataona mwenyewe." Nilitaka aone. Nilikuwa na uchungu wa mume, na uchungu ule ulikuwa unatafuta mtu wa kumkalia.

Ijumaa ikafika. Misa ikaishia kanisani, tukarudi na sanduku nyumbani. Shemeji ndiye aliyefunika uso. Tukaenda kaburini, pale nyuma ya shamba la mihogo, tukakuta kaburi lina mtu.

Ni yule bibi wa Kizaramo, mtani wetu. Ameshuka na kigoda chake, amekaa chini humo amejifunga kanga kiunoni, anapepea uso kwa ungo. Kwetu hili si jambo la ajabu. Sisi Wanyamwezi na watu wa Pwani tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda kwao, na mtani akija msibani ana ruhusa ya kusema lolote na kufanya lolote, na hakuna wa kumkasirikia. Akiingia kaburini hatoki mpaka apewe faini. Watu wakaanza kucheka, maana walikuwa wanalihitaji cheko.

Shemeji akasema, "Haya, mtani, toka. Kuna mtu wake anataka kuingia."

"Mtu wake ni mimi. Nimelipima, lananitosha. Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo, bebeni huo mrudi nao."

"Unataka nini?"

"Tajeni kwanza kilichopo."

"Kuku."

"Kuku wenu wamekonda kama nyie."

"Jogoo basi."

"Leo sitaki kuku, sitaki jogoo, sitaki pombe. Leo nataka Jumatatu."

Kicheko kikapungua. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ukingo, kanga nimejitanda, naye akainua uso akanitazama mimi, si shemeji.

"Mnyamwezi," akaniambia, "mwanao wa kwanza yuko wapi?"

"Amekataa kuja."

"Amekataa yeye, au umemkatalia wewe?"

Nikaivuta kanga usoni.

"Masaa yako kumi na nne nimeyasikia mpaka masikio yana sugu. Mume wangu alikuwa reli, miaka yote hiyo. Ukimuuliza treni ya Kigoma inafika lini, anakuuliza, imetoka stesheni gani na inangoja nini? Treni inakwenda na treni inasimama. Kusimama ndiko kunakomaliza siku. Ndege yako wewe haisimami? Haishushi watu? Haijazi mafuta?"

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walinicheka mimi, na nilistahili. Akaendelea, sauti yake sasa si ya utani tena, ingawa maneno yalikuwa ya utani. "Mimi nitalala humu mpaka Jumatatu. Nileteeni godoro na uji wa asubuhi, usiwe mwepesi. Huyo mtoto nimemlea mimi wewe ukiwa shamba. Akija akanikuta humu, atajua kuna mtu alimngojea."

Ingewezekana. Nataka muelewe hilo. Shemeji alikuwa tayari, nilimwona. Alinigeukia akanong'ona, "Shemeji, mtani ametufungulia mlango. Tukisema watani wamekataa, hakuna atakayetulaumu. Sanduku linarudi hospitali, tunazika Jumatatu, na utani unabaki utani." Hata katekista aliinamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga kitabu chake, maana yake hakuwa na pingamizi.

Mimi nikasema, "Mpeni jogoo."

Kwa desturi, faini ikishamgusa mtani, lazima atoke. Mjukuu wangu ndiye aliyetumwa. Akaja na jogoo mwekundu, amemshika miguu, akanyoosha mkono, naye mtani hakumpokea. Jogoo akaning'inia pale akipiga mabawa, udongo ukimwagikia yule bibi kichwani. Nikamchukua yule jogoo kwa mkono wangu mwenyewe, nikapiga magoti ukingoni, nikamwachia aanguke mapajani mwake. Akanitazama. Akasema taratibu, "Umeninunua kwa kuku, Mnyamwezi." Kisha akanyoosha mikono, vijana wakamvuta juu na kigoda chake. Tukazika.

Jumamosi asubuhi simu yangu ikaingia ujumbe. Nilikuwa na mjukuu, nikampa asome. "Mama nimefika Amsterdam salama. Nangoja ndege nyingine mchana. Mwambie baba nakuja." Mjukuu akasoma mara moja, akanirudishia simu. Usiku ule ukaingia mwingine, amefika Dar. Jumapili mchana mwingine: ndege ya Tabora leo haikuruka, anachukua treni mpaka Dodoma. Jumapili usiku: nimefika Dodoma, nalala hapa, asubuhi basi. Jumatatu asubuhi: tumepita Manyoni. Halafu Itigi. Kila kituo aliniandikia. Na katika kila ujumbe alikuwa anamsalimia baba yake. Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na siku tatu za kumwambia. Binti yangu wa pili alinipigia magoti, "Mayo, niruhusu nimwambie akiwa Dodoma, angalau alie njiani." Nikasema mwache afike. Siyo tena kwa hasira. Sasa ilikuwa woga.

Alifika Jumatatu alasiri, kwa bajaji kutoka stendi, miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Maturubai tulikuwa tumeshayakunja. Aliangalia uwanja, akaangalia viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akawa ameshajua. Mtu hahitaji kuambiwa. Akanikuta nimekaa mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Lini?"

"Ijumaa."

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akavaa viatu vyake pole pole, kama mtu anayetaka kwenda mahali pa heshima, akaenda nyuma ya mihogo. Mtani wetu alimfuata kwa mbali. Mwanangu alichota udongo kwenye tuta akaumwaga tena juu ya lile tuta, mkono mmoja, mara moja. Udongo ulikuwa umeshakauka.

Usiku ule nilimwomba aniambie safari yake yote. Nilitaka kusikia ni wapi aliponipoteza, au mimi nilipompoteza. Akaniambia. Alitoka kwake saa ngapi, akasubiri saa ngapi, akaruka saa ngapi, akasubiri tena. Wapi walimpekua, wapi walimuuliza maswali, wapi alilala ameegemea mzigo. Dar alikaa kwenye kiti tangu usiku mpaka mchana akingoja ndege ya Tabora. Alipomaliza nikaona kwamba masaa ya kuruka yalikuwa kidogo tu ndani yake. Mengine yote yalikuwa ya kukaa.

Nikamkumbuka babu yangu mzaa baba, aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo akiwa kijana. Tulipokuwa watoto tulimuuliza, babu, Pwani ni mbali? Akawa anasema, "Mnauliza siku za kutembea au siku za kukaa?" Za kukaa ndizo zilikuwa nyingi. Kukaa Ugogo kungoja mtemi apokee hongo yake ya njia. Kukaa kungoja mto ushuke. Kukaa na mwenzao mgonjwa mpaka apone au wamzike. Mke wake kule nyumbani alikuwa anazijua hizo siku za kukaa, akazihesabu, na hakuna mtu aliyemwambia mumeo amekataa kurudi. Mimi niliyezaliwa kwa watu hao, niliyeyasikia hayo kwa masikio yangu, nilihesabu siku za kutembea tu. Nilimwambia mwanangu hayo yote usiku ule. Akasema, "Mama, hadithi hiyo ulinisimulia nikiwa mdogo. Nilidhani unaikumbuka."

Basi hapo ningekuwa nimemaliza, kama aibu ingekuwa ya ndani ya nyumba. Lakini neno langu lilikuwa limeshatoka. Wiki ya pili mwanangu alikwenda Kanyenye kununua sabuni, mwanamke mmoja dukani akamwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyekataa kumzika baba yako." Alirudi nyumbani akaweka sabuni mezani. Mjukuu ndiye aliyenieleza.

Nikajiambia, siku ya kuanua tanga nitasimama. Watu wote waliosikia la kwanza watakuwapo, nitasema mbele yao: hakukataa, aliomba Jumatatu, akafika Jumatatu ile ile aliyoitaja, mimi ndiye niliyesema uongo. Nilijipanga siku nzima. Shemeji akanipa nafasi. Nikasimama. Nikashukuru kwa mchele. Nikashukuru kwa kuni na kwa maji. Nikamshukuru katekista. Mwanangu alikuwa amekaa karibu na mlango, ananitazama, anangoja. Nikakaa.

Amerudi Toronto. Simu anapiga kila Jumapili kama zamani, ananiita mama kama zamani. Hajanidai neno lile. Lakini ametaka kujenga kaburi la baba yake, na pesa na maagizo amemtumia baba yake mdogo, si mimi. Na amesema hatarudi Ntalikwa mwaka huu wala ujao, akija Tanzania ataishia Igunga kwa mdogo wake.

Ndiyo maana nimeandika, kwa kuwa kusimama nimeshindwa. Mjukuu atayapiga haya kwenye simu na kuyatuma kwa jumuiya yetu, kwa ukoo, na kwa yule mwanamke wa dukani. Mwanangu hakukataa. Aliomba siku ambazo njia inazitaka, nami nilizijua, nikamnyima kwa sababu ya majivuno. Uso wa baba yake nilimnyima mimi.

Mliokuwapo, kama nimekosea mahali, nirekebisheni. Binti yangu wa pili anasema neno "amekataa" nililisema mara tatu jioni ile ya Jumatano. Mimi nakumbuka mara mbili. Shemeji anasema mimi ndiye niliyeomba wazee wapige kura ya siku ya kuzika, nami sikumbuki kura. Huenda zile jumbe za Manyoni na Itigi nimezichanganya. Mwenye kukumbuka vizuri aje aniambie nyumbani, au amwambie mjukuu pale kibandani, aandike. Ila asije mtu kunirekebisha kwa kunipunguzia kosa.